Sekunde Kumi na Moja za Byamungu

Saa nane mchana, siku ya Jumamosi, Nestori Ndayizeye anaiamuru kompyuta mpakato ya mjane mmoja izime, kisha anatazama saa yake ya mkononi. Kiduara kinazunguka kwenye kioo. Anahesabu kwa midomo bila kutoa sauti. Akifika tisa, kioo kinakuwa cheusi na feni inanyamaza.

Miezi miwili iliyopita, kompyuta hii ilikuwa ikichukua dakika arobaini kuzimika. Fundi mwingine angetamba. Nestori anaifunga taratibu, na mwenyewe, Mama Alliance, anaendelea kuchambua maharage akiwa amempa mgongo.

Nyumba hii iko Riverside, Buffalo, karibu na Mto Niagara. Watu wa hapa hutania kwamba kompyuta ikiugua humpigia simu Nestori kwanza, maombi baadaye. Ana miaka 38, Mrundi aliyekulia kambi za wakimbizi za Kigoma. Siku tano za wiki hufunga vyakula kiwandani kwa dola 19 kwa saa. Jumamosi ni fundi wa watu wa kanisa lake, na wengi humlipa sahani ya wali.

"Mimi sikusomea kompyuta," anasema. "Mimi ni mtu asiyeogopa kuzifungua."

Woga wenyewe ulimtoka kambini, katika darasa lenye kompyuta kumi na mbili na jenereta moja. Mafuta yalikuwa ya kubahatisha. Muda ulipokwisha mwalimu hakungoja mtu afunge chochote. Alitoka nje akazima jenereta, na mashine zote zikafa kwa pamoja.

"Kesho yake ziliwaka vizuri tu, kwa sababu hazikuwa na kitu ndani cha kupotea," anakumbuka. "Nikakua nikijua kwamba kompyuta ikikukaidi unaikata umeme, na kesho mnasameheana."

Ndani ya kompyuta ya Mama Alliance kulikuwa na kitu cha kupotea.

Mumewe, Byamungu, mzaliwa wa Bukavu, alifariki Novemba ya mwaka juzi. Wiki tatu kabla ya hapo alimwita Nestori hospitalini aje na kompyuta ya nyumbani. Alitaka kumwachia bintiye Alliance, anayehudumia wazee huko Louisville, baraka ya siku atakayoolewa. Alizungumza dakika kumi na tisa, Nestori akimrekodi kwenye kompyuta hiyo, mkewe akingoja nje ya chumba. Kwao baraka ya baba haisikilizwi kabla ya siku yake, kwani ikisikilizwa mapema hugeuka maneno matupu. Kwa hiyo Byamungu aliwaapisha wote wawili, mkewe na fundi: wasifungue na wasinakili.

"Simu ilikuwa mfukoni mwangu. Kunakili kungechukua dakika moja," anasema Nestori. "Lakini neno la mgonjwa ni zito. Nikaliheshimu."

Harusi ya Alliance ni Jumamosi ijayo.

Mwezi Machi kompyuta ilijisasisha mfumo. Mama Alliance, ambaye huitumia kujifunza maswali ya uraia, akaona kila jioni akiizima haizimiki. Akampigia Nestori kiwandani, katika mapumziko yake ya dakika kumi.

"Papa Aline," alimwambia, akimwita kwa jina la mtoto wa Nestori kama desturi ilivyo, "ilifanya mise à jour. Bon, sasa inakatala kulala. Nilingoja mupaka nilichoka."

Nestori alikuwa na mkate mdomoni.

"Mama Alliance, shikilia kile kitufe cha kuwashia mpaka kioo kiwe cheusi," alimjibu. "Haina shida."

Akakishikilia jioni hiyo, na jioni ishirini na moja zilizofuata.

Nestori alipopata nafasi ya kufika mwenyewe, aliondoa programu zisizo na kazi na kuzuia zile zinazojiwasha zenyewe. Haikusaidia. Ndipo akafungua orodha ambamo mashine huandika yote yanayoipata. Mara ishirini na mbili iliandikwa kwamba umeme umekatwa ghafla, na kila mara, mstari wa juu yake ulisema diski haijibu. Mfumo mpya ulichelewa kulala kwa sababu ulikuwa ukiisubiri diski kuukuu imalize kuandika.

"Ilikuwa inaomba muda," anasema. "Mimi nikasema ikatwe."

Faili la baraka halikufunguka. Aliendesha gari karibu saa sita hadi Hilliard, kando ya Columbus, kwa Dionizi, rafiki yake wa kambini ambaye sasa kazi yake ni kuokoa diski zilizoharibika. Dionizi alikaa nayo siku nane. Akaokoa sekunde kumi na moja, akamsihi Nestori asisumbuke kutafuta fundi mwingine. Diski mpya aliyoiweka ndiyo inayoifanya kompyuta izimike upesi leo.

Mama Alliance ameruhusu sekunde hizo zisikilizwe. Baraka iliyovunjika, anasema, haina siku tena.

"Alliance, mtoto yangu," inasema sauti ya Byamungu. "Bon, siku utasikia hii, mi sitakuwa. Lakini niko na neno moja ya kukuambia."

Hapo inakatika.

Simu inaita mezani. Ni Alliance, yuko kazini Louisville. Mama yake anaiweka kwenye spika, anamsogezea Nestori. Binti anauliza kwa Kiingereza kama kompyuta imepona.

Nestori alikuwa amepanga kumwambia Ijumaa, uso kwa uso. Anafungua mdomo kusema inazima vizuri, anaufunga. Kisha anamweleza yote, kuanzia mkate mdomoni hadi Hilliard.

"Kosa ni langu, si la mama yako," anamaliza.

Alliance anaacha Kiingereza, anazungumza Kiswahili cha mama yake, akimwita mjomba kwa Kifaransa.

"Lakini Tonton, wewe ulikuwa mule ndani. Papa alisema nini?"

Nestori anaweka kiganja juu ya kompyuta.

"Nilikuwa naangalia ule mstari wa sauti, mwanangu. Niliogopa usipande sana, usikatike. Nakumbuka alikohoa mara mbili. Na karibu na mwisho alicheka. Alichokicheka sikukisikiliza."

"Sawa, Tonton. Narudi kazini."

Majuto ni mjukuu, na Nestori anaonekana amezeeka kumzidi babu yake. Mama Alliance anageuka kwa mara ya kwanza, maharage mkononi.

"Donc utaenda ku harusi," anamwambia. "Utasimama mbele yao, utasema alicheka."

Ijumaa wawili hao wataondoka kupitia Columbus hadi Louisville, na kompyuta itakuwa mapajani mwa mjane. Nestori ameapa kutotibu tena kompyuta kwa simu. Tumaini lililombakia ni moja, na mwenyewe anakiri kuwa ni dogo. Kiwandani, katika zile dakika kumi za mapumziko, huacha mkate kwenye mfuko, akafumba macho na kusikiliza sekunde kumi na moja kwa visikilizio.

"Zikiisha, nangoja ya kumi na mbili," anasema. "Nilikuwepo. Lazima imo humu kichwani."

Kabla ya safari amebakiza mapumziko manne.