Maiki ya Gari Langu la Kulala Imeniumbua Runazi

Leo nimewatembeza akina mama wa Runazi kwa miguu bure, na watoto mgongoni.

Gari langu la Noah mnalijua. Niling'oa viti, nikaweka godoro, nikatoboa paa mwenyewe na kufunga feni. Jana nikamalizia spika mbili za nje na maiki.

Asubuhi nimeegesha karibu na maduka nijaribu sauti. Ningesema "moja, mbili, tatu" kama watu wenye akili. Mimi nikaigiza gari la matangazo ya chanjo:

"Akina mama, leteni watoto! Msisahau kadi!"

Nikacheka peke yangu.

Nusu saa baadaye kicheko kimeisha. Akina mama wanatoka mashambani, jembe begani, kadi ya kliniki mkononi. Wakapanga foleni mlangoni kwangu.

Jamani, foleni! Hebu niambieni, ninyi mngejificha wapi?

Wa kwanza alikuwa bibi mmoja na mjukuu wake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, daktari."

Daktari! Nikawaambia ukweli, kwa sauti ndogo, bila maiki. Hakuna aliyenitukana. Heri wangenitukana. Waligeuka tu kurudi walikotoka.

Bibi alikuwa amechoka, nikamwomba apande nimrudishe kwake. Akakaa kwenye godoro, mjukuu mapajani, akatazama juu. Feni inazunguka.

"Na hii inatibu nini?"

"Joto, bibi."

"La nani?"

"Langu."