Soda Imngoje Mgeni

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, ingawa mengine mengi nimeyasahau, hata mahali nilipoiweka miwani yangu asubuhi hii. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa kumi, mwezi ambao hapa Tabora jua linawaka tangu saa mbili asubuhi na mvua bado iko mbali. Tulikuwa hapa hapa Itetemia, katika nyumba ya marehemu baba yangu, tukiwasubiri wageni kutoka Kigwa waliokuwa wanakuja kumposa mama yako. Mimi, mdogo wake, nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa najifunza ushonaji mjini, na kwa sababu hiyo nilijiona nina akili kuliko ukoo mzima.

Mama yako alikuwa amempenda kijana yule wa Kigwa kwelikweli. Wachumba wawili aliwakataa kwa ajili yake, na watu walikwisha kuanza kusema kwamba anachagua sana, atabaki nyumbani. Lakini baba wa kijana, Mzee Maganga, hakuwa na hamu na ndoa hii. Alikuwa amesikia kwamba sisi tunaoishi karibu na mjini tuna haraka na hatuna adabu ya wazee. Alikubali kuja mara moja tu, ajionee kwa macho yake. Mama yako alilijua hilo, na tangu alfajiri alikuwa chumbani anavaa nguo na kuivua, anavaa nyingine na kuivua.

Kazi yangu mimi ilikuwa soda. Usicheke. Wakati ule soda ya baridi kijijini ilikuwa heshima kubwa, na mimi nilitaka wageni wa Kigwa wakirudi kwao wasimulie. Nilitoka mjini na kreti moja kwenye keria ya baiskeli, na pande la barafu nililopewa na mzee mmoja muuza vinywaji karibu na soko. Mzee yule alinifundisha kuifukia barafu ndani ya gunia lenye maranda ya mninga, nizilaze chupa humo, kisha nifunge gunia mdomo na nisilifunguefungue. Nilifanya alivyosema. Nikaliweka gunia nyuma ya mlango, nikawa nalilinda kana kwamba lina mtoto mchanga ndani yake.

Wageni walichelewa. Walifika saa saba, jua la utosi, wanne wakiongozwa na Mzee Maganga, mrefu, mkimya, koti limefungwa vifungo vyote pamoja na joto lile. Alikuwa na mfuko wa turubai begani, na alipokaa aliupakata badala ya kuuweka chini. Mimi sikuuona mfuko ule. Macho yangu yote yalikuwa kwenye gunia, kwa sababu maji yalikwisha kuanza kutiririka sakafuni na nilijua barafu inaniaga.

Unajua salamu zetu zilivyo. Hatuishii kwenye shikamoo na marahaba. Mtu akitoka mbali unamuuliza ya njiani, ya nyumbani, ya mifugo, ya shamba, ya wagonjwa, na yeye anakujibu moja moja bila kuruka. Baba alikuwa anauliza, Mzee Maganga anajibu, taratibu, kwa Kinyamwezi kile cha zamani. Mimi nikaona watakesha. Nikazitoa chupa, nikazifungua zote kwa mkupuo mmoja, hapo hapo nyuma ya mlango. Kosa la kwanza hilo, kwa maana chupa hufunguliwa mbele ya macho ya mgeni. Kisha nikaingia na sinia, nikapiga magoti mbele ya Mzee Maganga. Magoti niliyapiga vizuri sana. Adabu ya magoti nilikuwa nayo, iliyonipungukia ni ya mdomo.

Yeye wakati huo alikuwa anamwambia baba, "Nyumbani tumewaacha salama, ila nyumba yetu sasa ina upungufu. Mama wa watoto..."

Nikasema, "Baba, kunywa kwanza, itapata moto."

Mwanangu, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mzee Maganga aliitazama chupa, akanitazama mimi, akaipokea kwa mikono miwili kama adabu inavyotaka, akaiweka chini pembeni ya kiti bila kuionja. Akawageukia wenzake.

"Wenzetu wana haraka," alisema polepole. "Tusiwacheleweshe."

Akasimama, akachukua fimbo na mfuko wake, akatoka. Wale watatu wakamfuata. Kutoka chumba cha ndani nilisikia kitanda kikilia, maana mama yako alikaa kwa kishindo. Nami nilikuwa bado nimepiga magoti na sinia langu, na nilitamani ardhi inimeze.

Aliyetuokoa ni Shangazi Kabula, dada mkubwa wa baba. Alikuwa mwanamke mfupi, mzito wa kutembea, na maneno yake yalikuwa machache ila ukipewa moja ulikaa nalo mwaka. Hakunigombeza hata kidogo wakati ule. Aliichukua ile soda ya Mzee Maganga, akarudisha kizibo juu yake na kukikandamiza kwa kiganja. Akavua khanga ya begani, akaichovya kwenye mtungi, akaikamua, akaizungushia ile chupa mara tatu mpaka shingoni. Kisha akatoka nayo, ameishika kwa mikono miwili, na mimi nikamfuata nyuma kwa sababu sikujua pa kwenda.

Alimkuta Mzee Maganga amefika kwenye uzio wa minyaa. Akasimama mbele yake.

"Kaka," alisema, "ulikuwa umefika kwa mama wa watoto. Hatujamaliza kukusikiliza. Soda yako hii nimeivika, haina haraka tena. Itakungoja mpaka useme mwenyewe basi."

Mzee aliiangalia ile chupa iliyovikwa khanga, maji yanamdondokea shangazi kwenye viwiko. "Na binti yule?" akauliza.

"Yule ndiye atakayeishika."

Nilihesabu kuku waliopita, walikuwa sita. Halafu akageuka akarudi ndani.

Basi nikakaa chini kando ya kiti chake, chupa mkononi, kikombe cha maji pembeni, nikaishika karibu na mlango ambapo upepo ulikuwa unapita. Khanga ilipoanza kukauka niliinyunyizia maji. Kwa hewa yetu kavu ya mwezi wa kumi kitambaa kibichi hufanya maajabu, upepo ukikipiga kinapoa, na kikipoa kinapoza kilichomo. Na kwa kuwa sasa nilikuwa sina la kuharakisha, nikamsikiliza.

Alieleza habari ya mkewe, kwamba aliugua tangu masika na akafariki kabla ya mavuno. Alieleza alivyokuwa akiimba akipalilia, na alivyomsumbua kila siku kuhusu kijana wao wa mwisho, ataoa lini. Alipoona hatapona, mama yule aliomba kibuyu kidogo, akatia humo mbegu za njugu mawe alizozichagua mwenyewe, akasema ampe mkwe wake, yeyote atakayekuwa, hata kama hatamwona. Hapo ndipo Mzee Maganga aliufungua ule mfuko aliokuwa ameupakata. Kibuyu kilikuwa ndani. Alikuwa amekibeba kutoka Kigwa, na alikuwa anaifikia habari yake nilipomwambia anywe.

Baba aliuliza jina la marehemu. Akasema, "Nyamizi."

Ndiyo, mwanangu. Ndilo hilo lako.

Alipokwisha kusema alinyoosha mkono, nikamvulia chupa khanga, akanywa. Haikuwa baridi ya barafu. Ilikuwa na ubaridi wa maji ya mtungini, ule usioumiza meno. "Imechoka kidogo gesi," alisema, "lakini ni baridi." Watu wakacheka, na mimi nikacheka huku nalia. Siku ile ile waliafikiana, na mama yako alipoitwa sebuleni alipewa kibuyu kile mkononi kabla ya jambo lingine lolote.

Jioni, tukiosha sinia na Shangazi Kabula, ndipo nilipopata sehemu yangu.

"Ulifikiri wageni wameletwa waje kuihudumia soda yako?" alianza. Niliendelea kusugua sinia. "Babu yangu alibeba mizigo kutoka hapa Unyanyembe mpaka pwani, kwa miguu. Kibuyu chake cha maji alikivika kitambaa kibichi. Walipokutana njiani na msafara unaorudi walitua mizigo, wakapeana habari, nani kafa, wapi kisima kimekauka, nani kazaa huko nyumbani. Maji yalivikwa ili habari zipate kuisha. Wewe umefanya kinyume chake."

Akanipa ile khanga nikaianike. Hakurudia tena mpaka anakufa.

Tangu hapo mimi nikawa mshonaji wa vifuko vya chupa, wewe unavijua. Kipande cha blanketi kuukuu ndani, kitenge nje, unakilowesha na kukikamua kidogo, unaivika chupa. Harusi ngapi za hapa nimevipeleka sijui. Wewe ulipokuwa mdogo uliviiba ukawavisha wanasesere wako magauni, na mama yako akakutetea.

Sasa umekuja kutoka Dar na makopo yako na vile vifuko vya sponji. Nimevijaribu. Vinafanya kazi, sina ubishi, ingawa vinanuka kama kandambili mpya. Soda imebaki baridi mpaka nimemaliza, tena mkono haukuloa. Kwa hiyo sikukatazi. Ila usilikumbatie kopo kwa kiganja kizima ukiwa umelivua, joto la mkono wako ndilo linaloliharibu. Usiliweke dirishani kwenye jua halafu ulaumu sponji. Na usimfungulie mtu kabla hajataka, maana kilichofungwa kinavumilia na kilichofunguliwa hakina subira. Mambo haya ni madogo, najua, lakini mimi kwa jambo dogo hivyo nilikaribia kumkosesha mama yako mume na wewe kuzaliwa.

Na sasa nifike pale ninapoogopa kufika. Jana mchana tulikaa hapa mimi na wewe, nikaanza kukueleza wiki ya mwisho ya mama yako, ile ambayo kazi ilikuzuia kuiona. Katika kusimulia nilikuwa nimefika siku ya Alhamisi. Ukanisogezea kopo ukasema, "Mamdogo, kunywa basi, itapata moto."

Nilikunywa. Sikukasirika, na usiende kulia jikoni, kaa hapo hapo. Nilijua hukuwa na haraka ya soda. Uliogopa kuisikia Ijumaa, siku aliyotuacha. Nami nakiri kwamba nilipokunywa nilishukuru, maana niliogopa kuisema. Tukajificha wote wawili nyuma ya kopo moja. Lakini jambo la namna hiyo likiachwa bila kusemwa haliishi, mwanangu, linabaki limekaa katikati ya watu, na mwaka ukipita kila mmoja anaona aibu kulianza upya.

Nasaha yangu basi ni hii, uichukue na makopo yako urudi nayo Dar. Mtu akikuletea habari yake, ivike soda yako na umsikilize mpaka mwisho. Kinywaji ukikitunza kitangoja, lakini mtu aliyekatizwa hurudi mara moja tu, na mara nyingi harudi kabisa. Mimi nilimpata Shangazi Kabula wa kwenda kumrudisha mgeni njiani. Wewe usitegemee kwamba kila nyumba ina mtu wa namna ile. Mkaribishe mgeni kwa kitu baridi, ndiyo, mgeni njoo mwenyeji apone, lakini ujue kwamba masikio yako ndiyo karamu aliyoijia. Na aliye wako wa ndani mtendee vivyo hivyo, maana hao ndio tunaowakatiza zaidi.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe nyumba ambayo wageni hawaogopi kuchelewa, akupe watoto watakaokusikiliza ukizeeka na kurudiarudia maneno kama mimi, na akikuletea huzuni akuletee na mtu wa kuisikiliza. Nimekubariki kwa jina la bibi yako na kwa jina la mama yako, dada yangu.

Haya, sogeza kiti. Ijumaa ile mama yako alinipa neno la kukufikishia, akasema nikuambie mwenyewe kwa mdomo wangu, na nimelibeba miezi yote hii.