Dakika Hamsini na Tano

Kwa miaka kumi na mmoja Mama Ndoo alikuwa akiingia ndani ya ndege kila siku, na hakuna hata moja iliyowahi kuruka naye. Abiria wakishuka, yeye na ndoo yake walipanda. Dakika ishirini za kufagia na kupangusa viti, kisha ngazi, kisha lami, mgongo ukimuuma kama aliyetwishwa gunia.

Akiwa chini ya ngazi, abiria wapya wakishapanda, humsikia rubani akiwatangazia: kilomita mia tatu na arobaini, dakika hamsini na tano. Huko iendako ndege ndiko alikoolewa binti yake wa pekee. Kwa basi ni mwendo wa saa kumi na moja, barabara ikijipindapinda milimani. Basi ndege ikiruka, Mama Ndoo hutazama saa ya ukutani, na dakika zikitimia hujisemea, "Wamefika kwa mwanangu," akaendelea kudeki.

Leo huyo mwana ndiye aliyekuwa anakuja. Mimba ya miezi saba, yenye kusumbua. Daktari amelikataza basi. Mkwe aliiogopa ndege. "Mama, tungesubiri kidogo," alisema kwenye simu. Mama Ndoo ndiye aliyeshikilia: "Baba, dakika hamsini na tano tu. Hata chai haipoi."

Saa nne kamili ujumbe uliingia: "Mama, mlango umefungwa, nazima simu."

Akaanza kuhesabu. Saa tano kasoro dakika tano, mbingu tupu. Saa tano, mbingu tupu. Saa tano na dakika saba alikuwa amekifuta kioo kimoja mara nne. Wanasema ulimi huponza kichwa; wake umemponza mtoto.

"Dada, hicho kioo kimekukosea nini?" Alikuwa Mzee wa Vijiti, yule anayezielekeza ndege mahali pa kuegesha.

"Ndege ya mwanangu, kaka. Dakika zimepita."

"Umehesabu tangu lini?"

"Tangu mlango ulipofungwa."

Akacheka, kisha akamwona macho, akaacha. "Dada yangu we! Mlango una mbawa? Ukifungwa, ndege inangoja ruhusa, inajikokota hadi mwisho wa njia. Halafu hizo hamsini na tano zako ni za kwenda. Kwenda huko upepo unaisukuma mgongoni. Kuja huku unaipiga usoni."

"Miaka yote hii hamkuniambia?"

"Miaka yote hii ulikuwa unasindikiza. Leo ndiyo unapokea."

Alikuwa hajamaliza kusema, ngurumo ikasikika. Akachukua vijiti vyake akaenda.

Mama Ndoo hakukimbia. Mfagiaji husimama chini ya ngazi mpaka abiria wa mwisho ashuke. Wa mwisho alikuwa binti yake, mkono mmoja kwenye chuma cha ngazi, mwingine tumboni.

"Mama, hata usingizi sikuumaliza!"

"Nyamaza. Nenda kakae pale kivulini, usibebe kitu."

Dakika zake ishirini zilikuwa zimeanza. Akapanda, akafika kwenye kiti cha nyuma ambacho bado kilikuwa na joto la mwanawe. Akaketi. Miaka kumi na mmoja, hakuwahi kuketi humo. Dirishani alimwona binti yake kivulini, amevua viatu, anakunywa maji.

Akahesabu mpaka thelathini. Kisha akainuka, akashika ufagio.