Kidole Kilichonivua Nguo Mbele ya Mama-mkwe

Hasira ingali inachemka ndani yangu. Kidole changu kiliota uvimbe mwekundu siku chache baada ya mama-mkwe wangu wa kijiji cha Swima kunisalimia kwa mkono. Nikamwitia majirani wote hapa mjini Baraka: “Mama, mulinipaka nini ku mukono?” Mama wa watu akalia.

Daktari wa mifugo, aliyekuwa akipita, akanikagua. “Hii ni kirusi ya mbuzi. Inabeba jeni yenye kuamuru mishipa ya damu iote, ndiyo maana kidole inavimba. Unatiaka kidole mu kinywa ya mbuzi?”

“Mimi, mwalimu? Hata siku moja!” nikafoka.

Hapo mbuzi wangu, midomo imejaa vidonda, akaja mbio, akakidaka kidole kile kile na kukinyonya, akitafuta chumvi yake ya kila asubuhi.