Bwana Mabano Nje ya Mlango

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, ni mtu wa maelezo. Ukimwuliza kama ameshiba, atakueleza kwanza tumbo lilivyo. Pale shirika la maji, ambako mimi napokea malalamiko ya wateja na yeye anatunza kompyuta, tunamwita Bwana Mabano.

Jina kalipata kazini. Kuna lugha ya alama ambayo mafundi wa kompyuta wamekubaliana kuitumia, ili mashine za watengenezaji mbalimbali zielewane. Kila kitu unakitaja ndani ya mabano: ni nini, kimo ndani ya nini, kinategemea nini. Ukifungua bano, ulifunge. Ukishaieleza ofisi nzima, mfumo unasoma maelezo hayo na kuziendesha mashine wenyewe. Shemeji alieleza kila kitu, mpaka kiyoyozi. Mdogo wangu alinung'unika kwamba hata sufuria za nyumbani siku hizi zinaulizwa zinategemea nini.

Mkurugenzi wetu, mama asiyependa porojo, hakushawishika. Alitaka mfumo ujaribiwe mbele yake. Ukishindwa, kazi anapewa mkandarasi, na Bwana Mabano anafungasha virago. Aliyekosa usingizi ni mimi. Nyumba wanayokaa ni ya shirika, kwa hiyo yeye, mdogo wangu, watoto na makochi yao makubwa wangehamia kwangu, kwenye vyumba viwili. Nampenda sana mdogo wangu, lakini hata upendo unataka pa kunyoosha miguu.

Siku ya jaribio tulisimama koridoni, nje ya chumba cha mashine. Shemeji alibonyeza simu yake, mashine zote zikazimika.

"Sasa mama, zitawaka zenyewe, kila moja kwa zamu yake," alisema, kifua mbele.

Tukangoja. Hakuna hata moja iliyowaka.

"Vipi?" mkurugenzi akauliza.

Shemeji akasoma nakala ya maelezo yake kwenye simu.

"Seva, ile mashine kuu, haiwaki mpaka kadi ya fundi isomwe humo ndani, mama. Niliandika hivyo kwa usalama."

"Si uingie?"

"Mlango ni wa umeme. Unafunguliwa na seva."

"Kwa hiyo seva inakungoja wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Na wewe unangoja mlango?"

"Ndiyo, mama."

"Badilisha basi hayo maelezo yako."

"Yamo ndani ya seva, mama."

Kitasa cha chuma cha mlango huo alikuwa ameshaking'oa mwenyewe, eti ni ushamba. Nilitamani kumzaba kibao. Badala yake nikayaona yale makochi yanashushwa mlangoni kwangu, nikamkamata mkono na kumkokota hadi nyuma ya jengo, kwenye kidirisha cha kupitishia hewa cha chumba hicho. Mkurugenzi akatufuata. Shemeji akapenyeza kichwa na mabega, kisha akanasa kiunoni.

"Vuta tumbo, shemeji!"

"Nimeshalivuta! Hili ndilo lililobaki!"

Nikasukuma kwa bega, nikasukuma kwa hasira zote za tangu siku ya harusi yao. Akaporomoka ndani kwa kishindo, mimi nikabaki na kiatu chake mkononi. Kadi ikasomwa. Mashine zikaanza kunguruma moja baada ya nyingine, taa zikawaka, na tulipozunguka koridoni mlango ulikuwa unafunguka wenyewe taratibu. Shemeji akatoka, vumbi tupu, mguu mmoja peku.

Mkurugenzi alichukua kiatu mkononi mwangu akampa.

"Mfumo umetii hata ujinga ulioandikiwa," alisema. "Ofisi nzima sina mwingine anayetii hivyo. Utabaki. Lakini rekebisha leo leo."

Alirekebisha, akaniita nione. Kwenye sehemu ya mlango aliongeza kwamba ukikwama, litumike dirisha. Chini yake aliandika, akimaanisha mimi: dirisha linamtegemea shemeji.

"Umeniuliza?" nikafoka. "Nikienda likizo je?"

"Kwani ningemwandika nani mwingine, shemeji?"

Nilifungua mdomo nimtukane, nikajikuta nimefurahi. Nikamwambia, kama ni hivyo, apunguze tumbo.