Siku Nilipomwita Bibi Mwanaidi Mwizi

Mpaka leo nikipita mnadani Magoma natamani ardhi inimeze, na hasira ninayo, tena si ya mtu mwingine, ni ya mdomo wangu huu.

Mbuzi wangu mweusi, mwenye mimba kubwa, hakurudi zizini. Kila mchungaji anajua mbuzi akikaribia kuzaa hujitenga vichakani, na mimi nimechunga miaka ishirini (ishirini, jamani), lakini asubuhi nikautazama ule uzio wa mkonge nyuma ya shamba, nikaona miiba, nikasema kuchomwa sitaki, nikapanda bodaboda hadi mnadani, maana kichwani nilishaamua kaibiwa.

Nikamwona. Mweusi, sikio la kushoto lina alama yangu ya panda, ncha imekatwa ikagawanyika mbili, kamba kaishika Bibi Mwanaidi, mjane wa Mzee Omari, ambaye nyumba yake imeezuliwa na upepo na alikuwa anauza apate bati. Tumbo la mimba halikuwepo, nikajijibu basi kashazaa, na watoto kawaficha. Hata shikamoo sikumpa. Nikabwata mnada mzima usikie: "Huyu wangu, tazameni sikio. Bibi mzima unaiba?"

Mchinjaji aliyekuwa anapatana naye akarudi nyuma (nani anataka mbuzi wa wizi). Watu wakasema basi mwite, kama wako atakuja. Nikaita mpaka koo likakauka, mbuzi anatafuna boksi. Bibi akamwita kwa jina, taratibu tu, "Tatu," mbuzi akaja kuingiza kichwa kwenye khanga yake.

"Alama hii alikata marehemu," akaniambia. "Na wewe mbuzi wako wa kwanza alikupa nani?"

Alinipa Mzee Omari, sikio limeshakatwa, nami nikaiga alama ile kwa wengine wote mpaka nikaiona yangu. Pumbavu kabisa mimi.

Ikabidi nizunguke naye kwa kila mchinjaji, niseme kwa mdomo uleule kwamba mwizi hakuna, mjinga ndiye mimi. Wakacheka, hakuna aliyenunua, jina la wizi limeshamganda mbuzi. Bibi akarudi na mbuzi wake kwenye nyumba isiyo na paa.

Mweusi wangu nilimkuta palepale kwenye mkonge, na watoto wawili. Nimeapa, mbuzi akipotea tena nitaanza na miiba, mdomo utasubiri. Mtoto mmoja alipoacha kunyonya nikampelekea bibi, nikapiga magoti nikamwamkia. Akampokea, akalishika lile sikio lisilo na alama.

"Hili," akauliza, "tukate alama ya nani?"

Mbuzi wangu wote bado wanatembea na alama ya mumewe.