Lineti ya Mukubwa Katika Muhogo wa Mama

Juzi hapa mjini, pale Kasuku, kijana mmoja wa mtaani kwetu alinisimamisha nikitoka sokoni, akanitolea simu yake. Anataka kuongoza wageni wawinde nguruwe pori huko upande wa Kailo, na watu wamemwambia mimi ni mjukuu wa mwindaji. Basi akawa ananipitishia picha za bunduki, moja baada ya nyingine, na juu ya kila bunduki darubini nene kama mchi. Sisi tunaiita lineti. Akaniuliza, "Mama, lineti gani njo nzuri?" Nilitazama vile viatu vyake vyeupe vya kwendea porini, nikamwambia sijui, nikajiendea zangu. Najua sana, rafiki yangu. Najua kuliko ninavyopenda.

Nilikulia kijijini, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Kailo, enzi nchi ikiitwa Zaire na kila mtu mzima akiitwa sitwayen, yaani raia, hata asiye na shati. Kwetu asubuhi ilinuka muhogo: ulioloweshwa mtoni, ulioanikwa kwenye mikeka, uliokuwa kinuni tangu alfajiri. Mama alikuwa mjane mwenye shamba moja tu, lililoanzia nyuma ya nyumba likashuka mpaka kwenye kichaka cha mto. Lilitulisha mimi, wadogo zangu watatu na babu, baba yake Mama, tuliyemwita Tate. Mwaka ule lilikuwa limebakiza miezi michache likomae, na nguruwe walishaanza kulichimba.

Sisi ni Waislamu, nyama yake hatuli, lakini nguruwe haulizi dini ya mwenye shamba. Miaka yote Tate aliwapiga na kuwaachia majirani Wakristo, ambao kwa ajili hiyo walimpenda kuliko padri wao. Bunduki yake ilikuwa kalibri duze, ile ya marisawa, ya mtutu mmoja, kitako kimefungwa waya. Cha kulengea kilikuwa kichembe cha shaba mwishoni mwa mtutu, basi. Kabla ya kuingia kichakani alikibandika tone la ugali, kionekane vizuri kwenye kivuli cha majani. Alituambia kwamba nguruwe wa kwetu ukimwona ameshafika miguuni pako, kwa hiyo unataka bunduki inayotawanya risasi karibu, na macho yako yote mawili wazi.

Kisha wakubwa wakakusanya bunduki zote za vijijini, wakazifungia ofisini. Tate alikwenda mara mbili kuomba aazimwe yake, hata kwa siku moja, aokoe shamba. Mara ya pili mkubwa mmoja akamwambia asihangaike, atakuja kuwaua nguruwe yeye mwenyewe, na Tate atamwonyesha njia.

Akaja. Alishuka kwenye Landrova na abakosi, ile suti ya wakubwa isiyo na tai, iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe, beji ya Chama kifuani, ati anakwenda kuwinda. Tumbo lilitangulia, yeye akafuata. Dereva akatandika mkeka na kuweka bunduki mbili: karabini mpya yenye lineti, na ya pili, ya akiba, ilikuwa ile ya Tate. Waya wake pale pale. Mkubwa hakujua hata ni ya nani. Akauliza mbele ya watu wote, aibebe ipi.

"Mukubwa, huku nguruwe haiko mbali," Tate alisema. "Mu ile kioo utaona majani tu. Beba hii ya waya."

Mkubwa akacheka, na sisi, wajinga tuliofundishwa kucheka naye, tukacheka. Akasema ile ya waya inafaa kufukuza kuku. Kisha akaweka jicho kwenye lineti, akaielekeza huku na huku, akagundua kwamba kweli haoni kitu. Mtu mwenye akili angebadilisha bunduki. Yeye akabadilisha shamba. Akatangaza salongo, kazi ya lazima ya kijiji kizima: muhogo ukatwe, itengenezwe njia pana iliyonyooka kutoka nyumba yetu mpaka mtoni, lineti ipate kuona mbali. Na kwa kuwa mkubwa hakai mahali bila kuimbiwa, wanawake waliobaki na watoto wakapangwa mstari wapige ngoma na kucheza. Ebu fikiria: mtu amekuja kuvizia mnyama, na ngoma juu.

Adhuhuri njia ilikuwa tayari, nyeupe kama ua uliofagiwa. Tate akawaingiza mbwa kichakani na kengele zao za mti shingoni. Nguruwe alitoka, ndiyo, lakini nguruwe gani atapita uwanjani? Alipasua muhogo uliobaki upande wa kushoto, hatua tano kutoka kwa mkubwa. Mkubwa akainua karabini, akaweka jicho kwenye lineti, akaanza kuzunguka kama anayetafuta tundu la choo.

"Iko wapi? Naona nyeusi tu!"

Hiyo nyeusi ilikuwa nguruwe mwenyewe. Tate alinyoosha mkono kwa dereva, apewe bunduki yake. Dereva akamtazama mkubwa kwanza. Nguruwe akapita katikati yao, akaenda zake, na mkubwa akapiga risasi moja iliyoangusha papai.

Jioni haijafika alishahutubia. Alisema nguruwe sasa wamejua kwamba serikali ipo. Tukapiga makofi. Akamwamuru Tate apeleke bunduki zote mbili garini, na Tate akaiweka ile yake kwenye kiti cha nyuma kwa mikono yake mwenyewe, akafunga mlango taratibu. Hakuiona tena. Nguruwe walirudi kabla ya Ijumaa, wakamaliza mihogo iliyolala chini. Mama akatuacha kwa Tate, akaenda kwenye machimbo ya Kama kuchekecha dhahabu. Alirudi baada ya miaka miwili, mikono imebabuka, na mdogo wetu wa mwisho akamkimbia, hakumjua.

Leo Tate hayupo, Mama hayupo, abakosi zimeliwa na nondo. Nimemdharau yule mtu maisha yangu yote, na dharau hiyo imeninenepesha. Lakini kuna jambo sijakwambia. Wakati salongo inaendelea, mkubwa aliniita kutoka kwenye mstari wa ngoma, kwa sababu niliimba kwa sauti kuliko wote. Akaegemeza karabini kwenye bega la dereva, akaniambia nitazame. Kule mwisho wa njia Mama alikuwa anakata muhogo wake kwa panga lake. Lineti ilimleta karibu kabisa, machozi na kamasi, na ule msalaba wa kulengea katikati ya paji la uso.

"Naona Mama," nilimwambia mkubwa, nikiruka kwa furaha. "Anaonekana muzuri sana."